Baraza ya mbao: namna ya kupigilia mbao zake ili zisioze mapema

Mwezi wa tisa ukifika, mvua inarudia kwetu, na ndio wakati watu wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na pembeni wanavumbua kama baraza yao haiko tena imara. Mbao imepanda upande mmoja, musumari umetoka kichwa, mtoto anajikwaa, kizee anaogopa kutoka kwa mlango. Tunaita fundi, anabadilisha mbao mbili, tunalipa. Kiisha miaka miwili tunarudilia ile ile.

Katika makala hii tunaeleza kazi ya baraza ya mbao toka mwanzo mpaka mwisho: mbao ya kuchagua, namna ya kuikausha, kile kinapaswa kuwa chini yake, namna ya kuipigilia na ya kuitunza. Hata kama si wewe utashika nyundo, ni vizuri ujue, juu ni wewe utalipa.

Mfano wangu unatoka kwetu nyumbani. Mama yangu mdogo alijengesha baraza mbele ya nyumba yake ya mbao hapa Goma. Siku ilipomalizika ilikuwa nzuri, jirani wote walisifu. Saisoni ya pili ya mvua, asubuhi moja, alitoka na sufuria ya maharagi yenye moto, na mguu wake ukapita ndani ya mbao karibu na mlango. Alichunika mguu toka kisigino mpaka goti, na maharagi yakamwunguza mkono. Wiki tatu hakufika sokoni, na kwake, siku asipouza hakuna chakula jioni. Tulipong'oa ile mbao tulistaajabu: upande wa juu ilikuwa ingali nzuri na rangi yake, lakini upande wa chini ilikuwa sawa mkate uliolowa ndani ya chai. Ilioza kutoka chini, pale ambapo hakuna mtu alikuwa anaangalia.

Kwa nini kwetu watu wengi wanajenga kwa mbao

Goma imejengwa juu ya jiwe la volkano. Nyiragongo ililipuka mwaka wa 1977, tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya mji na kufunika mitaa mizima. Wengi waliorudia kwenye viwanja vyao walijenga nyumba ya mbao juu ya lava iliyopoa. Mbao ni nyepesi, kazi inaenda mbio, na ikiomba kuhama, nyumba inabomolewa na kubebwa. Tena ardhi ikitetemeka, nyumba ya mbao inacheza lakini haianguki upesi sawa ukuta wa matofali uliojengwa vibaya.

Lakini jiwe la lava halilingani. Kutoka kizingiti cha mlango mpaka chini kunaweza kuwa sentimeta 40, na mawe yanakata miguu. Ndio maana watu wanaweka baraza ya mbao mbele. Ni pale tunapokea wageni, mama anachambua sombe, watoto wanafanya kazi ya masomo wakati umeme umekatika ndani. Bukavu, kwenye milima, baraza inasaidia kupata mahali palipo sawa kwenye kiwanja kinachoteremuka.

Namna mbao inaoza

Mti unaozeshwa na kuvu, yaani vijidudu vya sawa na uyoga. Hivyo vinaomba vitu vitatu: mti wa kula, hewa, na maji. Mti na hewa hatuwezi kuviondoa. Kitu kimoja tu tunaweza kushika ni maji. Mti ukiwa na unyevu chini ya sehemu 20 kwa 100 ya uzito wake mkavu, kuvu haviendelei. Mbao ya inje italowa mvua ikinyesha, hiyo haina shida. Shida ni mbao isiyopata nafasi ya kukauka kati ya mvua mbili. Kwa hiyo kila shauri utakalosoma hapa linarudia kwa swali moja: je, maji yakiingia hapa, yatatokea wapi?

Kitu cha pili cha kujua: mbao inapokauka inapungua upana, lakini urefu wake haupungui kitu cha kuonekana. Mbao mbichi ya mkaratusi yenye upana wa sentimeta 15 inaweza kupoteza karibu sentimeta moja mzima mpaka ikauke. Ndio sababu baraza iliyopigiliwa na mbao mbichi inafunguka mianya mikubwa, mbao zinajikunja na misumari inavutwa.

Kuchagua mbao

Kwenye depo za mbao utakuta aina nyingi. Muvula, ambao Wafaransa wanaita iroko, ni mgumu na unavumilia maji na mchwa. Ni mzuri sana kwa baraza lakini ni ghali. Libuyu, mti mwekundu wa pori, unafaa pia ukichagua sehemu ya moyo wa mti. Mkaratusi ndio watu wengi wanaweza kununua, juu unapandwa hapa hapa kwenye vilima vyetu. Ni mgumu, lakini unapasuka na kujikunja sana, na mti uliokatwa ungali kijana una sehemu kubwa ya inje, ile nyeupe, ambayo inaoza upesi. Grevilea, sipre na mipini ni laini zaidi. Zinafaa mahali penye dari, lakini siyo pale mvua inapiga moja kwa moja.

Ukifika depo, usichukue mbao kwa jina lake tu. Fanya hivi:

Beba meta yako mwenyewe. Mbao nyingi zinapasuliwa porini kwa mashini ya mnyororo, na unene hauko sawa. Mbao wanayoita ya sentimeta 2 na nusu inaweza kuwa na 3 upande huu na 2 upande mwingine. Pima pembe zote mbili.

Angalia mwisho wa mbao. Pale utaona duara za mti. Rangi nyeusi ao nyekundu ni moyo wa mti, rangi nyeupe ni sehemu ya inje. Chagua mbao yenye moyo mwingi. Ile yenye kitovu kabisa cha mti katikati, acha: itapasuka pale pale.

Weka jicho lako kwenye mwisho wa mbao na uangalie urefu wake sawa unalenga na bunduki. Mbao iliyojisokota sawa kamba hainyooshwi na musumari. Ile iliyopinda kidogo upande mmoja inaweza kusaidiwa.

Angalia vifundo. Kifundo kidogo kilichoshika vizuri hakina neno. Kifundo cheusi chenye kucheza kitatoka, na kitaacha tundu la maji.

Kukausha: hapa ndipo pesa inapotea ao inaokolewa

Mbao nyingi zinazouzwa mjini zingali mbichi. Mwuzaji atakuambia zimekauka. Inawezekana zimekauka juu tu. Kama unaweza, nunua mbao mwanzo wa mwezi wa sita, uzikaushe mwezi wa sita, wa saba na wa nane, na upigilie mbele ya mvua ya mwezi wa tisa.

Zipange mahali penye kivuli na upepo, siyo juani kabisa, juu jua kali linazipasua. Ya kwanza isiguse udongo. Weka mawe chini, sentimeta 30 ao zaidi. Kati ya kila mstari wa mbao weka vijiti vya unene mmoja, kila sentimeta 50, na vijiti vifuatane wima, kimoja juu ya kingine. Vikikaa ovyo, mbao zitajikunja kwa kufuata vijiti. Juu kabisa weka bati na mawe mazito. Zamani mafundi walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa mbao ya unene wa sentimeta 2 na nusu. Wengi hatuna huo mwaka, lakini miezi mitatu ya kiangazi inabadilisha mambo sana.

Utajuaje kama imekauka? Kata kipande kimoja kwenye mbao yenyewe, urefu wa kiganja, siyo mwishoni lakini ndani kidogo. Kiache pamoja na mbao zingine, na kila wiki ukipime kwenye mizani ya mwuza maharagi ao mchele. Andika uzito. Wiki mbili zikipita bila uzito kupungua, mbao zako zimekaribia kuwa sawa na hewa ya pale unapoishi. Hii inaomba mizani na kalamu tu.

Na kama mvua imekwisha kuanza na mbao ni mbichi? Basi zipigilie karibu karibu, bila kuacha mwanya, juu zitapungua na mwanya utajifungua wenyewe. Mbao kavu ndizo zinaachiwa mwanya. Mafundi wengi wanafanya kinyume: wanaacha kidole kati ya mbao mbichi, na kiisha mwaka mguu wa mtoto unapita.

Kile kilicho chini

Baraza ya mama mdogo iliozeshwa na kile kilichokuwa chini yake. Fundi alilaza shevron juu ya jiwe la lava moja kwa moja, akapigilia mbao juu. Hapakuwa na hewa. Majani, mchanga na majivu vilijaa pale, vikashika maji sawa eponji.

Namna nzuri ni kupandisha. Jenga nguzo fupi za mawe na simenti, ili kati ya udongo na miti ubaki nafasi ya sentimeta 30, hata zaidi kama kizingiti cha mlango kinaruhusu. Juu ya lava ngumu, nguzo inasimama pale pale ukisha kufagia na kulowesha jiwe. Kwenye udongo wa Bukavu, Uvira ao Butembo, inaomba kuchimba mpaka udongo mgumu, la sivyo mvua itaichimba na baraza itainama.

Usiweke mti juu ya simenti bila kitu kati. Simenti inavuta maji kutoka chini na kuyapatia mti. Kata shambre ya zamani ya gari ao ya lori, uweke kipande juu ya kila nguzo. Ni bei ya bure na inadumu. Pale penye mchwa, ongeza kipande cha bati kinachozidi nguzo kila upande kwa sentimeta 5 na kukunjwa kuelekea chini. Bati haiui mchwa, lakini inawalazimisha kujenga njia yao ya udongo inje, pale utaiona na kuivunja.

Juu ya nguzo zinalala madriye, miti minene inayobeba yote. Juu ya madriye zinalala shevron, zikisimama kwa upande wake mwembamba, juu mti uliosimama unabeba uzito kushinda mti uliolala. Shevron ziteremuke kidogo kutoka nyumbani kwenda inje, sentimeta moja kwa kila meta. Hakikisha kwa nivo. Kama huna, chupa yenye maji kidogo ikilazwa juu ya mti ulionyooka itakuonyesha upande wa kuteremuka. Mwisho, acha kidole kimoja kati ya baraza na ukuta wa nyumba, ili maji yasikwame pale na kuozesha ukuta pia.

Kwenye mteremko, angalia tena maji ya baraza yanaenda wapi. Yakianguka kwenye uwanja wa jirani wa chini, utakuwa umejenga baraza na kesi pamoja.

Hesabu ya baraza ya meta 4 kwa meta 2

Tuchukue kipimo cha kawaida: meta 4 mbele ya nyumba, meta 2 kutoka mlangoni kwenda inje. Mbao ni za sentimeta 15 upana, 2 na nusu unene.

Nguzo: safari mbili za nguzo 4, moja karibu na nyumba na moja upande wa inje. Jumla 8, na kati ya nguzo moja na nyingine ni kama meta 1 na sentimeta 33.

Madriye za sentimeta 7 kwa 15: mbili za meta 4.

Shevron za sentimeta 5 kwa 10, urefu wa meta 2: unaweka moja kila sentimeta 40, hivi inakuwa 11. Ukinunua za meta 4 na kukata katikati, nunua 6. Kipande kimoja kitabaki. Usikubali fundi aachanishe shevron kwa sentimeta 70 ili kupunguza matumizi. Mbao ya 2 na nusu itacheza chini ya miguu, na kile kinachocheza kinang'oa misumari.

Mbao za meta 4: zikiwa kavu, na mwanya wa nusu sentimeta, mbao 13 zinafunika meta 2 na sentimeta moja. Nunua 15, juu moja ao mbili zitakuwa na kasoro.

Misumari ya 8: mbao 13, shevron 11, misumari miwili kila mahali zinapokutana, jumla 286. Hesabu 300 na kidogo. Kanuni ya mafundi ni kwamba musumari uwe na urefu mara tatu ya unene wa mbao. Kama mfuko unaruhusu, chukua visi. Visi haitoki kichwa sawa musumari, na siku ya kubadilisha mbao unaifungua bila kuvunja kitu. Misumari ao visi, chagua ile iliyopakwa zinki. Ya chuma tupu inaoza, inaacha alama nyeusi, na kutu yake inaharibu mti pembeni yake.

Hesabu hii ukiwa nayo kwenye karatasi, fundi hawezi kukuomba mbao 20, na wewe huwezi kumlaumu kama ulimletea 10.

Kupigilia

Mbele ya yote, pakaa mafuta ao rangi kwenye mbao zote pande zote nne, na zaidi mwisho wake zote mbili. Mti unakunywa maji kwa mwisho wake upesi sana kushinda kwa ubavu, juu pale ndipo mirija ya mti inafunguka. Kila mara fundi anakata mbao, ule mwisho mpya upakwe tena pale pale. Kazi hii inaomba dakika mbili, na karibu hakuna anayeifanya.

Upande gani uangalie juu? Mafundi hawasikilizani. Shauri letu: angalia duara kwenye mwisho wa mbao. Mbao inapoendelea kukauka, upande ulioelekea moyo wa mti unavimba kama mgongo, na upande wa ganda unabonyea kama sahani. Weka upande wa moyo juu, ili maji yateremuke pembeni na yasilale. Lakini kama upande ule una kifundo kibaya ao nyuzi zinazoinuka, weka upande mzuri juu; kibanzi ndani ya mguu wa mtoto ni kibaya kushinda maji kidogo.

Anza na mbao ya upande wa inje, ile inayoonekana, na uvute kamba ili iwe sawa kabisa. Mbao ya kwanza ikipinda, zote zitaifuata. Kwa mwanya, tumia msumari wa 10 kati ya mbao mbili kama kipimo. Unene wake unakaribia nusu sentimeta. Weka misumari miwili ya kupimia, mmoja kila upande, sukuma mbao, pigilia, ng'oa, endelea. Kila mbao tatu, pima umbali uliobaki mpaka kwenye ukuta, pande zote mbili. Kama hazilingani, rekebisha kidogo kidogo kwenye mianya inayofuata, usingoje mbao ya mwisho.

Mbao iliyopinda ubavuni, pigilia mwisho mmoja kwanza, kiisha ukaze patasi kwenye shevron na uisukume mpaka inyooke, mwenzako akipiga musumari. Fanya hivyo kwa kila shevron mpaka mwisho.

Musumari usiwe karibu na ubavu wa mbao kushinda sentimeta 2. Karibu na mwisho, toboa kwanza tundu jembamba kushinda musumari, zaidi kwa mkaratusi kavu, la sivyo itapasuka. Kama huna mashini ya kutoboa, gonga ncha ya musumari kwa nyundo iwe butu. Musumari butu unakata nyuzi, ule wenye ncha kali unazipasua. Kichwa kilale sawa na mbao. Ukikizamisha ndani, unachimba kisima kidogo cha maji.

Kama mbao hazifiki meta 4, mahali pa kuungana lazima pawe juu ya shevron. Vizuri zaidi, weka pale shevron mbili pembeni kwa pembeni, kila mwisho ulale juu ya yake. Na maungio yasifuatane kwenye mstari mmoja. Ruka, sawa fundi wa matofali anavyofanya.

Mafuta ya vidanje: fikiria mara mbili

Wengi wetu tunapaka mafuta ya vidanje, yale meusi yaliyotoka ndani ya moteri. Ni rahisi kupata na yanasukuma maji kwa muda. Lakini yana uchafu wa chuma na sumu. Mtoto mchanga anatambaa pale, anaweka mkono mdomoni. Mvua inayaosha na kuyapeleka kwenye lava, na kutoka pale hakuna anayeyaona tena. Zaidi, mbao inateleza. Kama lazima uyatumie, yaishie kwenye miti ya chini isiyoguswa, na siyo karibu na tangi ya maji. Ile dawa nyeusi wanaita karbolineum, nayo ni ya miti ya chini, siyo ya pale tunakaa.

Kwa mbao za juu, mafuta ya kitani, yale madukani wanaita huile de lin, yanafaa yakipakwa mara mbili ao tatu nyembamba. Angalizo: kitambaa ulichopakia mafuta haya usikikunje na kukitupa pembeni. Kinaweza kupata moto wenyewe na kuwaka. Kitandike inje mpaka kikauke ao kizamishe ndani ya maji. Rangi ya mafuta inafaa pia, lakini ikianza kupasuka inafunga maji chini yake, kwa hiyo inaomba kukwangua na kurudilia.

Moto na hewa mbaya

Mambo mawili hatuwezi kuyaacha. La kwanza ni mbabula. Baraza ya mbao imeshikana na nyumba ya mbao, na nyumba imeshikana na ya jirani. Huko Bukavu, kwenye mitaa iliyobanana ya Kadutu, moto umeshateketeza nyumba nyingi kwa saa chache. Kama mnapikia barazani, tengeneza pembe moja ya mawe na simenti, meta moja kwa moja, na mbabula isitoke pale. Majivu yasimwagwe chini ya baraza hata kama yanaonekana yamezimika.

La pili ni la watu wa Goma na pembeni, zaidi upande wa Mugunga na Bulengo. Tunajua mazuku, ile hewa ya kabone inayotoka ardhini, isiyoonekana na mara nyingi isiyonusika, nzito kushinda hewa ya kawaida, inayokusanyika mahali pa chini na kuua watu na mifugo. Nafasi ya chini ya baraza ni mahali pa chini. Kwa hiyo usiizungushie ukuta wala mabati pande zote, usiitumie kufugia sungura ao kuku, na usiwaachie watoto kuingia kucheza. Acha wazi pande mbili zinazokabiliana ili upepo upite. Ule upepo unaokausha mbao zako ndio pia unaofukuza hewa mbaya.

Kutunza, na nani alipe

Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, chukua kisu na uchome mbao polepole: kwenye mwisho, pembeni ya misumari, karibu na mlango na pale maji ya bati yanaanguka. Kisu kikigoma, mbao ni nzima. Kikiingia bila nguvu, badilisha ile mbao sasa, usingoje mguu. Toa uchafu kwenye mianya kwa kijiti, fagia chini, sogeza vyungu vya maua na madumu ya maji, juu chini yake hapakauki kamwe.

Kwa wapangaji, ongea na mwenye nyumba mbele ya kununua mbao. Andikeni karatasi: nani ananunua, nani analipa fundi, je pesa itapunguzwa kwenye kodi, na siku ya kuhama mbao ni za nani. Bila karatasi, watu wamegombana kwa mbao 13.

Baraza ya mama mdogo ilijengwa upya, safari hii juu ya nguzo, na shambre, na mbao zilizokaushwa kiangazi kizima. Alilalamika kama fundi anachelewa. Fundi akamwambia, mama, nipatie mwezi huu, usinipatie tena pesa mwaka ujao. Toka ile siku amebadilisha mbao moja tu, ile ya pembe inayopigwa na maji ya bati. Kisu chake cha kuchungulia mbao anakitunza juu ya dirisha, na mgeni asipojua anaweza kufikiri ni cha kukata vitunguu.